Kitenzi "have": maswali ninayoulizwa kila wiki Bagamoyo

Darasa letu la Kiingereza hukutana jioni kwenye baraza moja ya Mji Mkongwe, wageni wakisharudi hotelini na jua likianza kupoa. Wengi wa wanafunzi ni vijana wanaotembeza watalii kwenye magofu ya Kaole na Misheni. Wapo pia dada wawili wa mapokezi, wanafunzi wachache wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, na nahodha mmoja mstaafu anayesema amechoka kucheka mizaha ya Wazungu asiyoielewa. Kitenzi kimoja kinakula muda wetu kuliko vyote. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi, ili anayechelewa darasani asinirudishe mwanzo.

Mwalimu, neno lenyewe lina herufi nne. Kwa nini linatusumbua hivi?

Kwa sababu Kiswahili hakina kitenzi chake. Sisi tuna "kuwa na". Ukisema "nina baiskeli", ukiifumua kauli hiyo unapata mimi, na, baiskeli: tumo pamoja, basi. Mwingereza hayuko pamoja na baiskeli, ana kitenzi kamili cha kuishika: "I have a bicycle." Ndiyo maana mwanafunzi mgeni husema "I am with a bicycle", na aliyesoma kidogo husema "I am have a bicycle", akitumia vitenzi viwili kwa kazi ya kimoja.

Kwetu "kuwa" na "kuwa na" ni ndugu wa tumbo moja. Kwao "be" na "have" hawajuani. Juu ya hilo, "have" ina ajira mbili. Mchana inamiliki vitu: nyumba, watoto, homa, tiketi. Usiku inakuwa kibarua wa kitenzi kingine, ikifanya kazi inayokaribiana na ile ya "-me-" yetu: "I have eaten", nimekula. Karibu kila kosa ninalolisikia pale barazani linatoka kwenye moja ya sehemu hizo mbili.

Lini "have", lini "has"?

"Has" ni ya "he", "she", "it" na mtu au kitu kimoja. Waliobaki wote ni "have". Wakati uliopita wote ni "had", hakuna ubaguzi.

Mtego uko kwenye swali na kukanusha. "Does she have a ticket?" si "does she has". Ile "s" imeshabebwa na "does", na sentensi moja haibebi mbili. Vivyo hivyo "he doesn't have", "did they have", "she must have". Na angalia "police": Kiingereza huwahesabu polisi kuwa wengi, kwa hiyo "the police have". "Everybody", ingawa maana yake ni watu wote, huhesabiwa kama mmoja: "everybody has".

"Nina njaa" ni "I have hungry" au "I have hunger"?

Hakuna hata moja. Ni "I am hungry."

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu Kiswahili humpa mtu hali zake kama mzigo mkononi, na Kiingereza humwambia yeye mwenyewe ndiye hali hiyo. Nina kiu: "I am thirsty." Nina usingizi: "I am sleepy." Nina hasira: "I am angry." Nina haraka: "I am in a hurry." Nina uhakika: "I am sure." Nina bahati: "I am lucky." Nina hofu: "I am afraid." Na umri ndio hivyo hivyo: nina miaka ishirini ni "I am twenty", au "I am twenty years old". Ukisema "I have twenty years", mgeni atasubiri umalizie: miaka ishirini ya nini, ya kazi au ya kifungo?

Msione haya sana, maana hatuko peke yetu. Mjerumani kwao husema "ich habe Hunger", yaani ana njaa, sawasawa na sisi, na akija Bagamoyo kutazama mji uliokuwa makao makuu ya wakoloni wao hadi 1891, naye huteleza kwenye Kiingereza palepale tunapoteleza. Mfaransa, ambaye mapadri wake walifungua Misheni hapa 1868, husema "j'ai vingt ans": ana miaka ishirini. Mwingereza ndiye aliyejitenga na wenzake katika hili. Nahodha aliposikia hayo alisema, "Basi kosa ni lake." Sikumbishia, ila mtihani unasahihishwa na Mwingereza.

Orodha hii haina kanuni ya kuifuata macho yamefumbwa, lakini kuna dalili. Kama unachokitaja unaweza kukiweka mezani au kumwonyesha daktari, mara nyingi ni "have". Kama ni hali iliyokuenea mwili mzima au moyoni, jaribu kwanza "be".

Kwa daktari nasema nini, basi?

Ugonjwa wenye jina huchukua "have": "I have malaria", "I have a fever". Kichwa kinaniuma ni "I have a headache". Tumbo linaniuma, "I have a stomach ache". Kwetu kiungo ndicho kinachomuuma mtu, kwao mtu ndiye mwenye maumivu.

Angalieni baridi. "I am cold" ni nasikia baridi. "I have a cold" ni nina mafua. Mimi mwenyewe, kijana, nilimwambia bibi mmoja wa Kizungu "I have cold" tukiwa ndani ya mashua, upepo wa kusi umetuchapa tangu alfajiri. Nilichotaka ni kanga yake ya kujifunika. Alifungua mkoba akanipa kidonge cha mafua, nami nikakimeza kwa adabu, nikaendelea kutetemeka.

Kaole "it has two mosques" au vipi?

Ukianza na mahali, Kiswahili husema "Kaole kuna magofu ya misikiti miwili". Hiyo "kuna" ndiyo huwaponza vijana wangu, wakasema "In Kaole it has two mosques" au "In Kaole have two mosques". "Kuna" ni "there is" kwa kimoja, "there are" kwa vingi: "There are the ruins of two mosques at Kaole." Unaweza kuanza na jina la mahali penyewe likawa ndilo mwenye mali: "Kaole has the ruins of two mosques." Zote mbili safi. Kosa ni kuchanganya: ukishaweka "in" au "at" mbele ya mahali, mahali hapo hapamiliki tena kitu.

Na hali ya hewa haina mwenyewe kabisa. Leo kuna joto: "It is hot today." Kuna upepo: "It is windy."

Kwa nini "I have come yesterday" ni kosa, na mimi ninasema "nimekuja jana" kila siku?

Swali zuri, na mwenye kuuliza huwa na haki ya kulalamika. "-me-" yetu ni pana. Inasema jambo limetimia, na haigombani na jana, juzi wala mwaka wa njaa. "Have" ya Kiingereza ina wivu na wakati. Inakubali jambo lililopita kwa sharti moja: usitaje lini, kama hiyo lini imeshafungwa. Ukitaja "yesterday", "last week", "in 1874", "two days ago", "have" inaondoka na kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I came yesterday."

Kwa waongozaji wa watalii kosa hili lina makao maalumu, nalo ni chini ya Mnara wa Livingstone. Nimesikia zaidi ya mara moja: "The body of Livingstone has been kept here in 1874." Sema "was kept here in 1874". Mwaka umetajwa, mwaka umepita, mlango umefungwa. Lakini ukisema "The mission has been here since 1868", hapo "has" ni sahihi, maana Misheni bado ipo na unaiona kwa macho.

Kuna wakati ambao haujafungwa bado. "Today", "this week", "this year" zinakubali "have": "I have seen three groups today." Asubuhi, kabla ya adhuhuri, unaweza kusema "I have had tea this morning". Jioni, kwa chai ile ile, utasema "I had tea this morning", kwa kuwa asubuhi imeshaondoka na vikombe vyake. Wamarekani hawana ukali huu, wao husema "Did you eat yet?" pale Mwingereza anaposema "Have you eaten yet?" Ukiwasikia usiwasahihishe.

Kwa hiyo kila "-me-" bila tarehe ni "have"?

La. Hili linawaumiza hata walimu. Vitenzi vyetu vingi vya hali hutumia "-me-" kueleza hali ya sasa hivi, na Kiingereza hapo kinataka "be". Mgeni amelala: "The guest is asleep." Nimechoka: "I am tired." Nimeshiba: "I am full." Nimechelewa: "I am late." Amesimama pale: "He is standing there." Nimeoa: "I am married."

Mfano ninaoupenda ni wa kanzu. Amevaa kanzu, yupo mbele yako, ni "He is wearing a kanzu." Ukisema "He has worn a kanzu", Mwingereza anaelewa kwamba mtu huyo amewahi kuvaa kanzu siku fulani maishani mwake, na sasa pengine amevaa suruali. Jiulize: ninasimulia tendo lililotendeka, au ninaeleza mtu alivyo sasa? La pili si kazi ya "have".

Dada wa mapokezi: "Mgeni aliniulizia mwongozaji wake, nikamwambia 'He has been to Dar es Salaam', mgeni akakaa kumsubiri. Nilikosea wapi?"

Hukukosea sarufi, dada yangu, ulikosea safari. "He has been to Dar" ni amekwenda na ameshageuka, yuko huku. "He has gone to Dar" ni amekwenda, yuko huko huko, labda ndani ya daladala anatafuta kiti. Mgeni wako alisikia kwamba mwongozaji amesharudi, akaagiza soda akae. Kiswahili kinasema "amekwenda Dar" kwa yote mawili na kuacha msikilizaji ajue mwenyewe.

Kutoka hapo unapata pia ile ya "sijafika". Sijafika Unguja, yaani sijawahi kwenda: "I have never been to Unguja." Usiseme "I have not reached Unguja", hiyo ni ya mtu aliye katikati ya bahari.

"Ninaishi Bagamoyo tangu 2010" inakuwaje?

"I have lived in Bagamoyo since 2010." Sisi tunatumia wakati uliopo kwa sababu bado tunaishi. Wao wanataka "have" kwa sababu jambo lilianza nyuma. "I live here since" ni alama ya mgeni, na Mjerumani naye huisema.

"Since" hushika mwanzo: since 2010, since Monday, since Ramadan. "For" hushika urefu: for ten years, for three days. Kama unaweza kusema "tangu", ni "since". Kama unaweza kusema "kwa muda wa", ni "for".

"I am having two children" ni kosa?

Kama unahesabu watoto ulio nao, ndiyo. Kumiliki hakuchukui "-ing": "I have two children", "I have a boat". Dada akisema "I am having a baby", watu watampongeza, kwa kuwa ametangaza kuwa ni mjamzito.

Lakini "have" inapokuwa na maana ya kula, kunywa, kuoga au kuwa katika shughuli, "-ing" ni halali: "The guests are having lunch." "We are having a meeting."

Tofauti ya "you don't have to" na "you must not"?

Kubwa kuliko inavyoonekana. Kijana wangu mmoja alikuwa Kaole na kundi la wageni, mmoja akaegemea ukuta wa mawe ya matumbawe. Akamwambia kwa upole: "You don't have to touch the wall." Mgeni akatabasamu, "Oh, I don't mind", akaendelea kuegemea. "Don't have to" ni si lazima, ukitaka gusa, usipotaka acha. Alichotaka kusema ni "You must not touch the wall", au kwa adabu ya kazi yake, "Please don't touch the wall."

Katika kukubali, "have to" na "must" hukaribiana: "I have to go" na "I must go" zote ni lazima niende. Ni katika kukanusha tu zinapoachana njia.

Nimesuka nywele. Kwa nini mgeni aliniuliza nimejisukaje kisogoni?

Kwa sababu ulimwambia "I have braided my hair." Kiswahili kinamwacha msusi nje ya sentensi: nimesuka, nimenyoa, nimeshona gauni, na kila mtu anajua kuna msusi, kinyozi na fundi. Kiingereza kinawadai. Ni "I had my hair braided", "I had my hair cut", "I had a dress made". Mpangilio ni "had", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu.

Ukibadili mpangilio maana inageuka. "I had cut my hair" ni nilikuwa nimeshanyoa, mwenyewe, kabla ya jambo lingine. Neno moja kusogea mahali, na kinyozi anapotea.

Hapa kwetu inafaa sana kwa kazi: "We had the boat repaired." "You can have your clothes washed here." Anayeandika tangazo la hoteli aikariri hiyo ya pili.

"Karibu chai" ni "welcome tea"?

Wageni wa muda mrefu wameshazoea kuisikia, lakini kwa Kiingereza "welcome" haiwezi kushika kikombe. Sema "Have some tea" au "Would you like some tea?" Karibu kiti ni "Have a seat". "Have" ina msururu wa hizi na hazina haja ya kuchambuliwa, ni za kukariri: "have a look", "have a rest", "have a swim", "have a good trip", "have a nice day". Kwa sikio letu "Have some tea" inafanana na amri. Kwao ni ukarimu, hasa ukiitamka polepole.

"Have you got" au "Do you have"?

Zote sawa. Ya kwanza husikika zaidi Uingereza, ya pili hutumika kila mahali. Chagua moja, na jibu kwa ileile: "Have you got change?" hujibiwa "Yes, I have", "Do you have change?" hujibiwa "Yes, I do." Usiseme "Do you have got".

Nimeona Mwingereza kaandika "should of". Ndiyo sahihi?

Hapana, na ni kosa lao wenyewe la kuzaliwa nalo. Wanaandika wanavyosikia: "should have" ikitamkwa haraka hupungua hadi ikafanana na "should of". Andika "should have", "would have", "could have".

Hizi ndizo zinazobeba "-ngali-" yetu, ambayo watu wengi siku hizi wameifuta na kutumia "-nge-" kwa kila jambo. "Ningalikuja" ni "I would have come", nafasi imeshapita. "Ningekuja" ni "I would come", bado inawezekana. Mwenye kuzitofautisha kwa Kiswahili hapati taabu yoyote hapa. Nilipowapa zoezi la sentensi kumi, nahodha alipata zote, vijana wakapata nne.

Kwa kuwa tumegusa matamshi: "has" inaishia na sauti ya "z", si "s". "Have" inaishia na "v". Lakini "have to" hutamkwa "haftu" na "has to" hutamkwa "hastu", na mgeni akisema hivyo si kwamba ana haraka, ndivyo lilivyo.

Nimekuta "had had" kwenye gazeti. Mchapaji kasinzia?

Hakusinzia. Ya kwanza ni kibarua, ya pili ndiyo yenye chakula. "When the guide arrived, the guests had had breakfast": mwongozaji alipofika, wageni walikuwa wameshakula.